Vifaa vya theluji kwa nyumba za mapumziko shambani: vinavyofaa na vinavyokula hela bure

Nyumba ya mapumziko iliyo mwisho wa njia ya changarawe ina tabia moja ambayo nyumba ya kuishi haina. Hukaa tupu Jumatatu hadi Alhamisi, halafu Ijumaa jioni hupokea watu wanane, wote wakitaka maji ya moto kwa mpigo. Baridi hufanya uharibifu wake katika zile siku za utupu, na hasara hugunduliwa Ijumaa, njia ikiwa imefungwa na theluji na fundi hapatikani. Kwa hiyo vifaa vinavyojadiliwa hapa havikupimwa kwa uzuri wa boksi wala wingi wa vitufe. Swali lilikuwa moja: siku ambayo mwangalizi hawezi kufika, kifaa hiki kitafanya kazi chenyewe au kitamngoja mtu?

Majina ya kampuni yameachwa makusudi. Tofauti kubwa iko kati ya aina na aina, si kati ya nembo na nembo.

Kebo ya kupasha mabomba joto

Hiki ni kifaa cha kununuliwa mapema, na ndicho kinachofungwa vibaya kuliko vyote.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Wengi huamini kwamba bomba hupasuka palepale barafu ilipo. Mara nyingi sivyo. Barafu huziba bomba kama kizibo, kisha kadiri inavyokua huyasukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa. Shinikizo hupanda mpaka kiungio, valvu ya bafu au bomba lenyewe liachie, pengine mita kadhaa kutoka palipoganda, tena ndani ya chumba chenye joto. Ndiyo maana fundi anayetafuta mpasuko kwenye ukuta wa baridi pekee hukosa.

Kebo ziko za aina mbili. Ya kwanza hutoa wati zilezile wakati wote. Huuzwa kwa urefu maalumu, haikatwi, na hairuhusiwi kujipitia juu yake yenyewe, kwani pale inapopishana joto hujikusanya na ganda huungua. Ya pili hujirekebisha yenyewe. Ndani yake kuna nyaya mbili za shaba zinazokwenda sambamba, na kati yake plastiki iliyochanganywa na chembe za kaboni. Plastiki ikipoa hunywea, chembe hugusana, umeme hupita kwa wingi na joto hupanda. Ikipata joto hutanuka, chembe huachana na umeme hupungua. Kila kipande cha kebo hujiamulia, hivyo sehemu iliyo karibu na ukuta wa nje hupata joto zaidi kuliko ile iliyo ndani ya kabati. Hukatwa kwa urefu unaotakiwa, na inaweza kujipitia bila kuungua.

Hapa hakuna ubishi: nunua inayojirekebisha. Ile ya wati zisizobadilika ni rahisi dukani, na msemo wa rahisi ghali unaihusu barabara. Wati 10 kwa mita hutosha bomba dogo lililovikwa sponji; panapopigwa na upepo, au bomba likiwa nene, chukua wati 15 hivi. Mita 20 za wati 10 ni wati 200 tu, mzigo mdogo. Lakini kebo ikiwashwa ikiwa baridi kabisa huvuta umeme mwingi zaidi ya huo kwa dakika za mwanzo. Fyuzi iliyopimwa kwa wati zilizoandikwa kwenye ganda pekee itakatika usiku wa baridi kali, yaani usiku ule ulioinunulia kebo.

Sasa makosa. La kwanza ni mwisho wa kebo: fundi asiyeijua huzifunga zile nyaya mbili pamoja, akidhani anakamilisha mzunguko, na kumbe ametengeneza shoti. Nyaya hizo hazikutani kamwe. Mwisho hukatwa kwa ngazi, waya mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine, kisha huvishwa kofia ya mpira inayonywea kwa joto, isipitishe maji. La pili ni kuiacha kebo wazi. Bila sponji, joto huishia hewani. Tumia sponji ya unene wa milimita 19 hadi 25, na uchague kipenyo cha ndani kinachomeza bomba pamoja na kebo. Sponji iliyotanuliwa kwa nguvu huacha ufa, na upepo hauhitaji zaidi ya ufa. La tatu ni kukaza kebo kwa vibano vya plastiki au waya. Utepe wa nyuzi za kioo kila sentimita 30 unatosha. Kwenye bomba la plastiki, funika kebo yote kwa utepe wa alumini, maana plastiki haisambazi joto kama shaba. Koki na mita za maji hupoteza joto kuliko bomba lenyewe, kwa hiyo izungushie kebo mara mbili tatu.

Kosa la nne ndilo la hila zaidi. Baadhi ya kebo huja na themostati, yaani swichi inayowasha na kuzima kwa kufuata joto, iliyojengwa karibu na plagi. Ukichomeka plagi hiyo ndani ya kabati lenye joto, themostati husoma joto la kabati, na bomba lililo nje huganda huku kebo imelala. Kihisi kinatakiwa kukaa kwenye bomba, upande wa pili wa kebo, mahali penye baridi kuliko pote. Kiwake karibu 3°C na kizime kabla ya 10°C. Kabla ya msimu, tia kihisi hicho kwenye bakuli la maji na barafu, kisha pima kwa mita ya kubana waya kama umeme unapita. Dakika tano, na unajua. Mzunguko wote uwe nyuma ya swichi ya usalama ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja.

Udhaifu wake hauna dawa: umeme ukikatika, kebo ni kamba tu. Kwa hiyo haiwezi kuwa kinga ya peke yake.

Koki mbili za robo mzunguko

Kifaa kilichopata alama za juu kuliko vyote ndicho cha bei ndogo: koki ya kufunga maji pale yanapoingia, na koki ya kumwagia iliyo mahali pa chini kabisa katika mfumo. Zote ziwe za mpini unaogeuzwa robo mzunguko. Koki ya gurudumu hukwama ikikaa miaka bila kuguswa, na hata ikigeuka mara nyingi hubakiza mchirizi. Mchirizi huo huyajaza mabomba upya polepole baada ya wewe kuondoka ukijua umeyakausha.

Kuna jambo moja ambalo maelekezo ya kwenye boksi huliruka. Koki hiyo ya mpini ina tufe lenye tundu, na ikifungwa huhifadhi maji kidogo ndani ya tundu hilo. Yakiganda, mwili wa koki huchanika. Kwa koki za nje zilizo baada ya ile kuu, ukishamwaga maji acha mpini katikati, kati ya wazi na fungwa, ili maji hayo yatoke.

Utaratibu wa kukausha nyumba ni huu. Zima kwanza hita ya maji, kwani koili ikiwaka ndani ya tangi tupu huungua. Funga koki kuu. Fungua koki ya chini. Fungua mabomba yote ya juu ili hewa iingie, vinginevyo maji hubaki yakining'inia kama ndani ya mrija uliozibwa kwa kidole. Mabomba yenye mpini mmoja uyaache katikati, maji ya moto na ya baridi yote yatoke. Ukiyaacha upande wa baridi, upande wa moto hubaki umejaa. Vuta maji ya choo. Shusha kichwa cha bafu hadi sakafuni. Mashine ya kufulia na ya kuoshea vyombo ziendeshwe kwenye hatua ya kutoa maji, kwa sababu pampu zake huhifadhi maji ambayo koki ya chini haiyafikii. Panapokuwa na bomba lililobonyea katikati, tumia kompresa ya hewa yenye shinikizo lisilozidi baa 3.5, ukifungua bomba moja baada ya jingine.

Vile viringi vya maji chini ya sinki haviwezi kukaushwa, wala havitakiwi, kwa sababu ndivyo vinavyozuia harufu ya mfereji. Mimina nusu lita ya dawa ya kuzuia kuganda katika kila kimoja, na zaidi kidogo katika bakuli la choo. Iwe ya propilini glikoli. Ile ya magari, ya ethilini glikoli, ni sumu, na mwisho wa safari yake hapa ni tangi la maji taka.

Kuhusu valvu zinazojifunga zenyewe kihisi kikigundua maji sakafuni: zinafaa, ila kwa sharti. Kuna zinazotuma habari kwenye seva ya mbali na kungoja amri ya kufunga. Hizo ziache dukani, maana dhoruba inayogandisha bomba ndiyo inayoangusha intaneti. Chukua inayoamua yenyewe humohumo ndani na yenye betri ya akiba. Halafu kuna ukomo wa kiasi cha maji. Kama nyumba ina beseni la nje la maji ya moto la lita 1,500, siku ya kulijaza valvu itadhani bomba limepasuka na itafunga maji. Weka njia ya kuiruhusu kwa muda, na mwangalizi ajue njia hiyo kabla hajaihitaji.

Themostati ya kuongozwa kwa simu

Tangazo huuza ile raha ya kuwasha joto ukiwa mbali. Faida halisi ni nyingine: kujua kuwa joto limeshuka. Nyumba tupu iachwe kwenye 10°C hadi 12°C, na kuwe na themostati ya kuzuia kuganda inayoiwasha boila, ile mashine inayochemsha maji ya kupashia nyumba joto, hewa ikifika 5°C hata kama kila kitu kingine kimezimwa.

Tatizo ni mahali pa kihisi. Sebuleni kinasoma 12°C wakati bomba lililo nyuma ya kabati la jikoni, kwenye ukuta usiopata jua, lina 1°C. Nunua mfumo unaokubali kihisi cha pili, na ukiweke huko nyuma ya kabati. Nyumba ikiwa tupu, acha milango ya makabati ya sinki wazi pamoja na mfuniko wa kuingilia darini. Sponji ya dari inayozuia joto lisipande ndiyo hiyo hiyo inayoliacha tangi la darini kwenye baridi.

Kagua mambo mawili kabla ya kulipa. Je, ratiba imehifadhiwa ndani ya kifaa, au hupotea ruta ikizimika? Na je, kuna kiwango cha chini kinachoweza kufungwa kwa namba ya siri? Wageni huzima joto wanapoondoka, kwa nia njema kabisa, wakidhani wanakuokolea fedha.

Nikiwa bado kwenye boila: zile za kisasa zinazovuna joto la moshi hutoa maji kupitia kijibomba kinachotoka nje ukutani. Kijibomba chembamba cha milimita 21.5 kikipita nje huganda haraka, boila hugugumia kisha hujifunga. Badilisha sehemu ya nje iwe ya milimita 32, ifupishwe kadiri inavyowezekana, ivikwe sponji isiyonyonya maji, na iteremke takriban sentimita 5 kwa kila mita. Ikiganda, ipashwe kwa maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka huipasua plastiki. Kazi hii ndogo huzuia simu nyingi za usiku kuliko themostati yoyote ya kisasa.

Chumvi, na vinavyouzwa badala yake

Kwenye nyumba nyingi chumvi humwagwa kwa koleo, na hapo ndipo hela huishia. Kipimo kinachotosha ni kijiko kikubwa kimoja kwa mita moja ya mraba, gramu 15 hadi 20 hivi. Njia ya miguu yenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 25 ni mita za mraba 30, nayo inahitaji gramu 450 hadi 600. Mfuko wa kilo 25 unatosha kuipitia njia hiyo mara 40 na zaidi. Kama mfuko wako huisha kwa wiki moja, tatizo ni mkono. Kimwagio kidogo cha kushika mkononi hujilipa haraka.

Wakati una uzito kuliko kiasi. Chumvi inayomwagwa kabla ya barafu kushika hutengeneza maji ya chumvi kati ya sakafu na theluji, na theluji haigandamani na sakafu. Inayomwagwa juu ya theluji nene huzama, hutoboa vishimo, na asubuhi vishimo hivyo vimekuwa barafu ya mawimbi. Koleo kwanza, chumvi baadaye. Maji ya moto ya birika yasiguse ngazi kabisa, yanageuka kioo.

Chumvi ya kawaida, kloridi ya sodiamu, kinadharia huzuia kuganda hadi takriban −21°C, lakini chini ya −7°C hivi hufanya kazi polepole mno kiasi kwamba mgeni atakuwa ameshateleza. Kalsiamu kloridi huendelea hadi baridi ya zaidi ya −20°C, na hutoa joto inapoyeyuka, kwa hiyo ni haraka. Kasoro zake: hunyonya unyevu wa hewani hadi kuwa uji ikiachwa wazi, na wageni huiingiza ndani kwa viatu ikaacha utando wa utelezi kwenye sakafu za mbao. Weka ndoo moja yenye mfuniko wa kubana kwa ajili ya ngazi na siku za baridi kali, si kwa njia yote. Magnesiamu kloridi ipo katikati ya hizo mbili. Urea huishiwa nguvu mapema, mara joto linaposhuka nyuzi chache chini ya sifuri, na nitrojeni yake huishia kwenye vijito. Sioni sababu ya kuinunua.

Mifuko iliyoandikwa kuwa ni salama kwa wanyama na mimea isomwe upande wa nyuma. Mara nyingi ndani ni kloridi ileile ya jina jingine. Chumvi yoyote hula vyuma vya mabati na miguu ya mbwa, na zege changa, hasa lisilotimiza mwaka mmoja, hubanduka uso. Hapo tumia kokoto ndogo zenye kona, za milimita 2 hadi 5. Haziyeyushi chochote, lakini hushika kwa baridi yoyote ile. Mchanga wa mtoni wenye punje za mviringo hauna msaada.

Makoleo na mashine

Kabla ya kuamua kununua mashine, piga hesabu ya uzito. Njia ya gari ya mita 60 kwa mita 3 ni mita za mraba 180. Theluji ya sentimita 15 juu yake ni mita za ujazo 27. Ikiwa nyepesi na mpya, kilo 100 kwa mita ya ujazo, hizo ni tani 2.7. Ikiwa nzito na yenye maji, kilo 400, ni karibu tani 11. Hesabu ya kwanza mtu mmoja mwenye nguvu anaimudu asubuhi moja. Ya pili humuumiza mgongo, na kwa mwenye moyo dhaifu ni hatari ya kweli.

Kwa koleo, chukua mawili: pana la kusukumia na dogo lenye ukingo wa chuma la kukwangulia. La plastiki tupu huvunjika baridi ikizidi. Lipake nta ya mshumaa au silikoni ya kupuliza, theluji isigande juu yake. Mpini uliopinda husaidia wakati wa kunyanyua, ila wakati wa kusukuma huchosha viganja. Wauzaji husema unafaa kwa yote mawili, si kweli.

Mashine za kurusha theluji za hatua moja zina mbawa za mpira zinazogusa ardhi. Kwenye lami ni safi sana. Kwenye changarawe hurusha mawe, na nyumba nyingi za shambani zina changarawe, pamoja na madirisha na magari ya wageni. Hapo inahitajika ya hatua mbili, yenye parafujo kubwa ya mbele inayokusanya theluji na feni ya nyuma inayoirusha, na vile viatu vyake vya pembeni uvishushe ili ukingo ukae sentimita 2 hadi 4 juu ya ardhi. Utabakiza tabaka jembamba. Liache, litashindiliwa na kushikamana na changarawe.

Parafujo hiyo imefungwa kwa pini laini zilizotengenezwa zivunjike ikigonga jiwe. Nunua pini sita za akiba pamoja na mashine. Anayeziba pengo kwa bolti ngumu ya kawaida huokoa pini na kuua giaboksi. Mdomo wa kurushia ukiziba, usitie mkono hata injini ikiwa imezimwa, kwani parafujo na feni huweza kuwa zimebana nguvu na kuruka mara kizibo kinapoachia. Kuna kijiti maalumu kilichofungwa pembeni ya mashine. Ndiyo kazi yake. Theluji ya karibu 0°C ndiyo inayoziba zaidi. Itoe mashine nje dakika 20 kabla ya kazi ili ipoe, kwani chuma chenye joto la banda huyeyusha theluji nayo hugandamana. Endesha injini kwa kasi kamili, tembea polepole, na ukate nusu ya upana.

Petroli iliyokaa tangu msimu uliopita ndiyo sababu kubwa ya mashine kutowaka. Ama utie dawa ya kuhifadhi mafuta, ama uiache injini iungurume mpaka kabureta ikauke. Mashine za betri huepuka shida hiyo, na kwa njia za miguu ni nzuri, lakini betri za lithiamu hazichajiwi chini ya 0°C. Chaja na betri vikae ndani ya nyumba, wala si bandani.

Ukikodi trekta la kusukuma theluji, mkataba useme sentimita ngapi zinamlazimu dereva kuja (5 ni kawaida nzuri), afike kabla ya saa ngapi, arundike wapi, na kama chumvi imo kwenye malipo. Rundo liwe upande wa mteremko wa chini. Likiwa juu, maji yake mchana hutiririka njiani na usiku huganda. Vijiti vyenye kung'aa vya mita 1.2 au zaidi vichomekwe pembezoni mwa njia kabla ardhi haijaganda, pamoja na kila mfuniko wa mita na wa tangi la maji taka. Dereva haoni kilichofunikwa.

Na kwa kuwa tangi la maji taka limetajwa: theluji iliyo juu yake isiondolewe wala kushindiliwa, ni blanketi. Usiache bomba la maji likidondoka kwa wiki nzima katika nyumba yenye tangi hilo. Mchirizi mwembamba huganda tabaka juu ya tabaka ndani ya bomba la kutokea, mpaka bomba linaziba.

Gesi, kuni na umeme wa akiba

Mtungi wa butani hauna kazi nje wakati wa theluji. Butani haigeuki gesi chini ya takriban −0.5°C. Propani huendelea hadi −42°C. Hata hivyo, mtungi wa propani ulio baridi na unaokaribia kuisha hutoa gesi polepole, na boila hukosa pumzi asubuhi. Mitungi miwili yenye kibadilishio kinachohama chenyewe ndiyo dawa. Isikae chini ya ukingo wa paa ambapo theluji huporomoka.

Kuni zipimwe kwa kipima unyevu kwenye uso uliopasuliwa hapo hapo, si kwenye ncha iliyokauka. Zaidi ya asilimia 20, zirudishwe bandani. Hazitapasha nyumba na zitajaza lami dohanini. King'ora cha kaboni monoksidi kiwe katika kila chumba chenye kifaa cha kuunguza, na tarehe ya kuisha muda iliyoandikwa nyuma yake isomwe. Baada ya kila theluji kubwa yenye upepo, mtu azunguke nyumba akikagua kuwa tundu la moshi la boila halijafukiwa.

Jenereta ndogo hununuliwa kwa ajili ya boila, kisha boila hukataa kuwaka nayo, na muuzaji hulaumiwa. Chanzo ni hiki: boila nyingi za gesi huutambua moto kwa mkondo mdogo sana wa umeme unaopita kwenye mwali hadi ardhini. Jenereta nyingi za kubebeka hazijaunganisha waya wa nyutro na ardhi, hivyo boila haioni moto na hujifunga. Fundi umeme aweke swichi ya kuhamisha umeme inayotengeneza muungano huo, na aijaribu mbele yako boila ikiwaka. Kuingiza umeme wa jenereta kupitia soketi ya ukutani kunaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, hata kama inanyeshewa na theluji, ijengewe kipaa.

Beseni la nje la maji ya moto nitalipitia haraka: wakati wa baridi kali usilizime wala usilimwage. Pampu izungushe maji muda wote, kwa sababu vijibomba vyake vyembamba haviwezi kukaushwa kikamilifu bila kompresa. Umeme ukikatika, mfuniko ubaki umefungwa. Maji mengi kiasi hicho hupoa polepole.

Kisanduku cha funguo

Wageni hufika usiku, na kisanduku cha funguo cha namba kimeganda. Mafuta ya kawaida huganda na kukusanya vumbi. Tumia unga wa grafiti, na kisanduku kiwe chini ya kipaa, upande usiopigwa na upepo. Kikiwa tayari kimeganda, dawa ya alkoholi ya kuyeyushia barafu kwenye kioo cha gari hukifungua ndani ya dakika chache, ila chupa hiyo isiwe ndani ya nyumba. Iwe ndani ya sanduku la chumvi, na ujumbe anaopewa mgeni kabla ya safari umwambie ilipo. Kufuli za umeme hula betri za alkalaini upesi baridi inapozidi. Weka za lithiamu za kutumika mara moja, aina inayovumilia hadi −40°C, baada ya kuhakikisha mtengenezaji wa kufuli anaziruhusu, kwani baadhi ya kufuli huzisoma kuwa zimejaa mpaka dakika ya mwisho. Na uchague yenye tundu la ufunguo wa kawaida.